Kicheko Ndani ya Mabano: Visa vya Abraham Lincoln na Hadhira Yake

Katika maandishi kuhusu historia ya kisiasa ya Marekani, kisa cha ucheshi huchukuliwa aghalabu kama pambo. Husimuliwa ili kuthibitisha kwamba Rais fulani alikuwa mtu wa watu, kisha mwandishi wa wasifu akaendelea na mambo anayoyaona kuwa mazito. Makala haya yanachukua msimamo tofauti. Yanadai kwamba kisa cha aina hii ni utendaji, na kwamba maana yake haimo katika kinywa cha msimulizi pekee bali pia katika kicheko cha hadhira: ni nani waliocheka, na ni nani ambaye ilibidi asiwepo ili kicheko hicho kiwezekane. Mfano unaochunguzwa ni Abraham Lincoln (1809–1865), kiongozi ambaye pengine amerundikiwa visa kuliko mwenziwe yeyote wa nchi hiyo.

Kurundikiwa ndilo neno linalofaa, kwani vingi vya visa hivyo si vyake. Kilicho maarufu kinamhusu Jenerali Ulysses Grant. Yasemekana walalamishi walimwendea Rais kumshtaki jemadari huyo kwa ulevi, naye akawauliza ni wiski gani anayokunywa ili awapelekee majemadari wengine pipa mojamoja. Kwa mujibu wa kumbukumbu za David Homer Bates, aliyehudumu katika ofisi ya telegrafu ya Wizara ya Vita, Lincoln alipoulizwa alikana kwamba ndiye aliyeyasema hayo. Alidhani kisa kimebandikwa jina lake ili kipate kusambaa, akakirudisha kwa Mfalme George wa Pili wa Uingereza, ambaye aliambiwa kuwa Jenerali Wolfe ana wazimu akatamani Wolfe awaume majemadari wengine. Wolfe alifia Quebec mwaka wa 1759, miaka 50 kabla ya Lincoln kuzaliwa.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa jambo hili. Abunuwasi wa ngano zetu ana uhusiano hafifu sana na mshairi wa Baghdad aliyempa jina, na baadhi ya visa vyake Waarabu humsimulia Juha. Jina ni kigingi ambapo visa vinavyozurura hufungwa. Tofauti ni kwamba Abunuwasi hakugombea cheo. Vitabu vya vichekesho vyenye jina la Lincoln viliuzwa mwaka wa 1863 na 1864, yeye akiwa hai, vita vikiendelea na uchaguzi ukikaribia. Kwa hiyo swali la kama kweli alisema au hakusema, ambalo wanahistoria hulipenda mno, halimfikishi mhakiki mbali. Swali lenye manufaa zaidi ni kisa kilifanya kazi gani mbele ya nani, na kwa bahati nzuri upo ushahidi.

Mwaka wa 1858 Lincoln aligombea kiti cha Seneti dhidi ya Stephen Douglas, na wawili hao wakakabiliana katika midahalo saba kwenye miji saba ya jimbo la Illinois. Waandishi wa hati mkato wa magazeti mawili ya Chicago, moja likimwunga mkono Lincoln na la pili Douglas, walinakili hotuba hizo wakatia ndani ya mabano vicheko, vifijo na sauti za waliodakiza. Ni nadra kwa mhakiki wa fasihi simulizi kuikuta hadhira ya karne ya 19 imehifadhiwa hivyo.

Mdahalo wa nne ulifanyika Charleston tarehe 18 Septemba. Lincoln alianza kwa kukana kwamba anataka usawa wa kijamii na kisiasa baina ya watu weupe na weusi. Akatia mzaha: kutomtaka mwanamke mweusi awe mtumwa, alisema, hakumlazimishi kumtaka awe mkewe. Mabano yanaonyesha vifijo na vicheko. Kisha akasema kwamba mfano mmoja tu mashuhuri anaoukumbuka wa mtu aliyependelea usawa kamili ni ule wa rafiki wa zamani wa Douglas, Kanali Richard M. Johnson. Mabano tena: kicheko.

Mzaha huu wa pili haukufafanuliwa, na hapo ndipo penye nguvu yake. Johnson alikuwa Makamu wa Rais kuanzia 1837 hadi 1841. Ilijulikana kote kwamba aliishi waziwazi na Julia Chinn, mwanamke aliyekuwa mtumwa wake, na kwamba aliwatambua binti zao wawili. Julia alifariki mwaka wa 1833. Umati wa Charleston ulicheka kwa sababu ulikijua kisa chote, lakini jina lake halikutajwa wala halingeweza kutajwa. Lau lingetajwa, hadhira ingelazimika kumwona mtu, na mzaha ungekufa papo hapo. Wapo wanaomtetea Lincoln kwamba alilazimika kuifuata hadhira yake ili aitenge na utumwa taratibu. Hoja hiyo ina uzito kama hoja ya siasa. Kama hoja ya uhakiki inathibitisha tu kwamba kicheko kilikuwa na bei, na mlipaji hakuwa uwanjani.

La kushangaza zaidi lilitokea baadaye. Lincoln alipoyabandika makala ya magazeti katika daftari ili midahalo ichapishwe kitabu, kilichotoka mwaka wa 1860, aliyakata maneno ya ndani ya mabano. Huenda alitaka tu maandishi yenye staha. Hata hivyo matokeo ni kwamba mzaha wa Charleston ulisomeka kama hoja tupu, pasipo watu walioupokea. Wahariri wa toleo la 1953 la maandishi yake ndio waliovirudisha vicheko mahali pake.

Tarehe 22 Septemba 1862, siku tano baada ya mapigano ya Antietam ambapo watu zaidi ya 22,000 waliuawa, kujeruhiwa au kutoweka, Lincoln aliliita Baraza la Mawaziri. Alifungua kikao kwa kuwasomea sura ya kuchekesha ya Artemus Ward, ndipo akatoa rasimu ya Tangazo la Ukombozi. Shajara ya Salmon Chase, aliyekuwepo, inasema mawaziri walifurahia isipokuwa Stanton. Masimulizi ya baadaye yanamfanya Lincoln awaeleze kwa uchungu kwamba asipocheka atakufa. Shajara haina maelezo hayo, na ndiyo bora kifasihi: inamwacha Stanton akiwa amenuna, bila kuambiwa wala kutuambia ni kwa nini.

Katika uchaguzi wa 1864 wapinzani waliigeuza sifa hiyo kuwa shtaka. Magazeti yao yalidai kwamba Lincoln aliomba aimbiwe wimbo wa mzaha katikati ya maiti za Antietam. Lincoln aliandika jibu ili litolewe kwa jina la rafiki yake Ward Hill Lamon, aliyeimba. Halina kisa wala utani. Lina tarehe na umbali: wimbo uliimbwa siku kadhaa baada ya mapigano, mbali na uwanja, na hapakuwa na kaburi walilolipita ambalo mvua haikuwa imelinyeshea. Kisha akaamua lisichapishwe.