Sekunde 27 za Manzaneda

Nimeitazama tena hatua ya 11 ya Vuelta ya 2011, mbio za baiskeli za Hispania, na hasira yangu bado haijapoa. Timu ya Sky walikosea. Chris Froome, kijana aliyezaliwa Nairobi, alikuwa na jezi nyekundu ya kiongozi mgongoni, nao wakamweka mbele avute kundi kama punda wa maji.

Kumbukeni msimamo ulivyokuwa. Hatua ya 10, mbio dhidi ya saa pale Salamanca, Froome alimaliza wa pili nyuma ya Tony Martin na kushika uongozi. Bradley Wiggins, kiongozi wa timu kwenye karatasi, alikuwa nyuma yake kwa sekunde 20. Wakapumzika siku moja, mlima wa Manzaneda ukafika, na mwenye jezi akatangulizwa kukata upepo na kuzima mashambulizi kwa ajili ya mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemshinda! Yeyote aliyewahi kupanda kutoka Mwatate hadi Wundanyi anajua kona zile zinavyodai. Anayevuta anachoma mapafu, anayekaa nyuma ya gurudumu anaweka akiba, na deni linalipwa juu kabisa, pale ambapo gia imekwisha na mlima haujaisha. Froome alililipa. Wiggins alifika sekunde 27 mbele yake, akaichukua jezi.

Mbio zilipofika Madrid, Froome alikosa ushindi kwa sekunde 13, nyuma ya Juan José Cobo.

Wapo watakaosema hakuwa amethibitisha lolote. Kweli, mwaka mmoja nyuma alikuwa amegunduliwa kuwa na kichocho, maradhi ambayo jirani zetu wa Taveta hawahitaji kuelezwa. Lakini Salamanca miguu yake ilikuwa imeshajibu. Mpango wa timu unaandikwa kabla ya mbio. Barabara ikisema lingine, unachanwa.

Na kabla ya kufika Madrid, kwenye mlima wa Angliru Froome alimaliza wa nne, na kwenye Peña Cabarga akamshinda Cobo mwenyewe. Kazi safi.

Hapo ndipo ninapomkumbuka David Kinjah, aliyemlea Froome kibaiskeli huko Mai-a-Ihii, Kikuyu, na kuvaa naye jezi ya Kenya kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Melbourne 2006. Kinjah alipata nafasi katika timu ya Italia, Index-Alexia, mwaka 2002, wakati hapa nyumbani hakuna aliyejua timu ya kulipwa inafananaje. Siamini hata kidogo kwamba angemtuma mwenye jezi akavute. Na nitalirudia ninalolisema kila mwaka: Salzburg 2006, kwenye mashindano ya dunia, Froome alikuwa mwendeshaji na pia meneja wa nafsi yake, hakuna mkubwa wa kwetu aliyekuwa naye. Mwaka 2008 akachukua leseni ya Uingereza. Tulimpoteza wenyewe.

Mwaka 2019 Cobo alifutiwa matokeo kwa sababu ya dawa, Froome akapewa ushindi wa Vuelta ile. Sky wangeupata Madrid, tarehe 11 Septemba 2011, bila kungoja maabara.