Marufuku ya Nani? Haroun Tazieff na Filamu ya Nyiragongo

Jina la Haroun Tazieff hutajwa zaidi na wanajiolojia kuliko wahakiki wa senema, na hilo si ajabu, kwani volkeno ndizo zilizompatia umaarufu. Hata hivyo, filamu yake ya mwaka 1966, Le Volcan interdit, ilifika mbali: katika tuzo za Oscar zilizotolewa mwaka 1967 ilikuwa miongoni mwa filamu tano za hali halisi zilizopendekezwa, ikashindwa na The War Game ya Mwingereza Peter Watkins. Kiini cha filamu hiyo ni Nyiragongo, mlima wa Kivu ya Kaskazini wenye kimo cha mita 3,470, ulio safari ya yapata kilomita 300 kusini mwa Butembo. Ni filamu inayowahusu watu wa mkoa huu moja kwa moja, ingawa ni nadra kuikuta ikizungumziwa kwa Kiswahili. Uhakiki huu unashughulika hasa na neno moja la anwani yake, interdit, na namna neno hilo linavyomficha mwenye kukataza.

Tazieff alizaliwa Warsaw tarehe 11 Mei 1914, mji huo ukiwa bado chini ya dola ya Urusi. Baba yake, Mtatari na mganga kwa kazi yake, alikufa katika Vita Kuu ya Kwanza, na mtoto akalelewa na mama. Jina Haroun, ambalo msomaji wa Kiswahili atalitambua mara moja kuwa ni Haruni, ni urithi wa upande huo wa baba. Familia ilihamia Ubelgiji, na huko kijana akapata uraia mwaka 1936, akasomea kilimo Gembloux, kisha jiolojia Liège. Uraia wa Ufaransa aliupata mwaka 1971 tu. Kwa hiyo yule anayehesabiwa katika orodha za waongozaji wa Kifaransa alikuwa, kwa hati zake, Mbelgiji wakati filamu yake kubwa ilipotoka. Si jambo dogo la makaratasi: Kivu ilikuwa chini ya Ubelgiji, naye aliingia Kongo baada ya Vita Kuu ya Pili akiwa mtaalamu katika mfumo wa kikoloni, wala hakuja kama mgeni mpita njia.

Mwaka 1948 volkeno ya Kituro ililipuka ubavuni mwa Nyamulagira. Tazieff alikwenda kuitazama, na tangu siku hizo maisha yake yakabadilika. Mwaka huohuo alishuka ndani ya kreta ya Nyiragongo akaliona ziwa la lava. Vitabu vingi vinaandika kwamba aligundua ziwa hilo. Kitenzi hiki kinahitaji kupunguzwa uzito. Wakazi wa nyanda za chini walikuwa wakiuona mwanga mwekundu juu ya mlima usiku kwa miaka mingi, wakajua kwamba ndani mna moto usiozimika. Alichofanya Tazieff ni kushuka, kupima na kuleta habari kwa lugha ambayo vyuo vya Ulaya viliikubali. Kitabu chake Cratères en feu kilitoka mwaka 1951, na mwishoni mwa miaka ya 1950 ikafuata filamu ndefu, Les Rendez-vous du diable, iliyozunguka volkeno za nchi mbalimbali.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Nyiragongo ulikuwa ndani ya Mbuga ya Albert, iliyoundwa mwaka 1925 na kuhesabiwa kuwa mbuga ya taifa ya kwanza barani Afrika. Idhini ya kuingia ilikuwa mikononi mwa Taasisi ya Mbuga za Taifa za Kongo ya Kibelgiji, iliyoongozwa na Victor Van Straelen. Tazieff alisimulia jinsi taasisi hiyo ilivyomfungia mlango kwa takriban miaka kumi, hadi safari za 1958 na 1959 zilipomrudisha kwenye kreta. Kukatazwa anakokuzungumzia, basi, kulianzia ofisini. Kulikuwa na barua, sahihi na mhuri. Lakini mtazamaji anayeingia ukumbini bila kuijua historia hii atalisoma neno interdit kwa njia nyingine kabisa: atadhani ni mlima wenyewe uliokataza, kwa ukali wa moto wake au kwa amri ya mizimu.

Mfasiri wa Kiswahili hana raha ya kukaa katikati. Akiandika “Volkeno ya Mwiko”, ameupeleka mkatazo kwa jadi, kwa kuwa mwiko hauna mwandishi. Hurithiwa, na anayeuvunja hupatwa na jambo bila hakimu kumhukumu. Akiandika “Volkeno Haramu”, ameingiza dini. Akisema “Volkeno Iliyokatazwa”, atakuwa ametumia kauli ya kutendwa, na msomaji makini atauliza mara moja: imekatazwa na nani? Limebaki “marufuku”, neno la tangazo la serikali, la kibao kilichopigiliwa njiani. Kifaransa kinazo pia hila zake, maana interdit huweza kumaanisha mtu aliyepigwa na bumbuwazi, na yumkini maana hiyo ya pili haikuwa mbali na mawazo ya aliyechagua anwani. (Kuhusu volkeno yenyewe, ngeli bado haijatulia: wapo wanaosema “volkeno hii” na wapo wanaosema “volkeno hili”, na katika Kivu wengi hutamka volkano kwa kufuata Kifaransa.)

Tafsiri ya “mwiko” ingekuwa na mashiko kama filamu ingejengwa juu ya imani za wenyeji, kwa sababu imani hizo zipo. Katika mapokeo ya wasemaji wa Kinyarwanda, waliotiwa katika ibada ya Lyangombe hupumzika baada ya kufa katika mlima mwingine wa safu ya Virunga, na wasioingizwa humo hutupwa katika moto wa Nyiragongo. Hata jina la mlima lina kiambishi Nyira-, ambacho hupatikana katika majina ya wanawake. Kuna hapa utamaduni kamili wa moto, wenye hukumu yake na jinsia yake. Tazieff alipendelea shetani. Anwani ya filamu yake ya awali inamweka Ibilisi wa Wazungu juu ya milima ambayo tayari ilikuwa na wenyewe.

Maelezo ya Le Volcan interdit yaliandikwa na Chris Marker, na jambo hili linastahili kuzingatiwa kuliko lilivyozoeleka. Marker, akishirikiana na Alain Resnais, alikuwa ametengeneza Les statues meurent aussi mwaka 1953 kwa ombi la Présence Africaine. Filamu hiyo ilihoji jinsi sanaa ya Kiafrika inavyokufa ndani ya makabati ya makumbusho ya Ulaya, na serikali ya Ufaransa iliizuia kwa miaka mingi. Mwandishi huyu, kuliko wote, alijua interdit ni nini pale inapotoka kwa mwenye mamlaka. Katika Kongo ya Kibelgiji hali haikuwa tofauti: watawala walizichuja filamu za kuonyeshwa Waafrika na kuzitenga na zile za Wazungu. Wanaume wawili waliokwisha kuonja katazo la dola walikutana katika filamu yenye neno hilo katika anwani, na bado filamu ikabaki kuwa kisa cha binadamu na mlima. Kwa maoni ya uhakiki huu, hapo ndipo pana kasoro yake kubwa, na ni kasoro ya kukwepa, si ya kutojua.

Kwa msomaji wa Beni suala hili halina mzaha. Mbuga hiyohiyo, inayoitwa Virunga tangu mwaka 1969, ilipanuliwa katika miaka ya 1930 ikapanda kaskazini hadi bonde la Semuliki na Ruwenzori. Ugonjwa wa malale ulikuwa mojawapo ya sababu zilizotolewa za kuwahamisha watu wa bondeni. Mipaka ya mbuga imeendelea kugombaniwa hadi leo na wakulima wa Mutwanga na wavuvi wa Vitshumbi na Kyavinyonge. Huko “marufuku” si neno la kishairi: ni jembe lililonyang’anywa na mtumbwi uliokamatwa. Tazieff alipofungiwa mlango alikuwa na wachapishaji, wanasayansi wenzake na magazeti ya kumsemea. Katazo lake lilikwisha, likageuka kuwa anwani nzuri ya filamu. La wakulima halikupata anwani.

Aidha, kamba, mahema, vyakula na vyombo vya kupimia havikupanda mlimani vyenyewe. Vilibebwa na wapagazi wa Kikongo, kama ilivyokuwa katika safari zote za namna hiyo. Historia ya senema imehifadhi jina la Tazieff na la Marker. Ya wapagazi haikuyahifadhi. Simulizi nzima inabebwa na sauti ya Kifaransa, ilhali lugha iliyotumika kupanga mizigo, kuonya juu ya jiwe linaloteleza na kuuliza ujira wa siku, katika sehemu hizo za Kivu, haikukosa kuwa na Kiswahili ndani yake. Mwanaisimu angetoa mengi apate kuyasikia mazungumzo hayo.

Ingekuwa dhuluma, hata hivyo, kuishia katika lawama. Mwaka huohuo wa 1966 ilitoka Africa addio ya Waitalia Jacopetti na Prosperi, iliyozifanya maiti za Wakongo kuwa tamasha la kuuzia tikiti. Tazieff hakushuka kiasi hicho. Jicho lake lilikuwa na subira na heshima mbele ya kitu kinachotazamwa. Aliufuata moto kama mfugaji anavyomfuata ng’ombe mkali, akijua lini asogee na lini arudi nyuma. Picha za ziwa la lava bado zinatisha, na zinatisha kwa sababu hazikupambwa. Ukaribu huo ulikuwa ndiyo mbinu yake ya sayansi pia: hakuamini volkeno iliyosomwa kutoka mezani. Mwaka 1976, katika kisiwa cha Guadeloupe, alisimama dhidi ya wakuu wake juu ya mlima wa Soufrière, ambako watu zaidi ya 70,000 walihamishwa. Yeye alishikilia kwamba hapakuwa na hatari ya mlipuko mkubwa. Mlipuko huo haukutokea. Mzozo ulimgharimu wadhifa wake, ingawa miaka ya 1980 serikali ya Mitterrand ilimpa dhamana ya kinga dhidi ya maafa, akiwa katibu wa dola tangu 1984 hadi 1986.

Tarehe 10 Januari 1977 ubavu wa Nyiragongo ulipasuka, na ziwa alilolipiga picha likamwagika lote kwa muda usiofika saa moja. Lava yake ni nyepesi mno, hukimbia kama maji. Serikali ilihesabu wafu wapatao 70. Hesabu nyingine hufika mamia. Tazieff aliandika juu ya mlipuko huo katika jarida la wanavolkeno, kwa usahihi wake wa kawaida. Basi filamu ya 1966 ikawa kumbukumbu ya kitu kisichokuwapo tena, na ya vijiji vilivyokuwa chini yake bila kuonekana. Mlima ulipasuka tena tarehe 17 Januari 2002, lava ikapita katikati ya Goma, na tena tarehe 22 Mei 2021. Tazieff hakuiona milipuko hiyo. Alifariki Paris tarehe 2 Februari 1998. Siku ya filamu hii kuonyeshwa Butembo kwa maelezo ya Kiswahili, anwani yake iandikwe Volkeno Marufuku, na jina la aliyepiga marufuku litajwe kabla ya moto kuonekana.