Kete Moja ya Kichwani

Kaa jioni kwenye baraza lolote la Ngamiani, Tanga, penye bao, birika la kahawa na sahani ya kashata, umsikilize aliyefungwa. Atasema leo kichwa kizito. Atasema akili imelala, au jua la mchana limemchosha, au mwenzake kabahatika. Hasemi hata siku moja kwamba kuna jambo hakulijua. Barazani bao ni akili, na akili mtu huzaliwa nayo; kusoma ni kazi ya watoto wa shule.

Msemo huo hunikera, ingawa naukubali nusu. Ukiwauliza mafundi wa bao kuanzia Mkinga hadi Pangani wamejifunzia wapi, hawatakutajia kitabu. Hebu basi tuuchukue mwanzo wa mchezo mmoja, kete kwa kete, tuone akili ya kawaida inatufikisha wapi na inaishiwa wapi.

Wenzetu wa sataranji wamelibishania sana suala hili. Mwaka 1895 Emanuel Lasker, Mjerumani aliyeushika ubingwa wa dunia kuanzia 1894 hadi 1921, alitoa mihadhara London kuonyesha kwamba sataranji inachezeka kwa busara ya kawaida. Aliwapa wasikilizaji kanuni chache za mwanzo wa mchezo: toa farasi mapema, kipande kimoja usikisogeze mara mbili, askari usiwasukume ovyo. Mihadhara ikawa kitabu mwaka uliofuata. Jambo linalonichekesha ni kwamba mtetezi huyo wa busara ya kawaida alikuja kuwa daktari wa hisabati. Kanuni aliziona nyepesi kwa kuwa mzigo wake ulikuwa umeshabebwa zamani.

Bao nalo lina busara zake, na kila mtoto wa baraza anazo: linda nyumba, usiache safu ya mbele ikauke, usiweke kete uchi mbele ya mwenye njaa. Tuzipime.

Atakaye kufuata vizuri achukue bao na kete 64. Komwe za kijivu, zile za mkomwe uotao ufukweni, ndizo kete. Gololi huteleza na kuharibu hesabu. Kila mchezaji ana safu mbili za mashimo 8. Mashimo ya mbele nayahesabu kutoka kushoto kwa kila mchezaji, 1 hadi 8. Kwa kuwa kushoto kwangu ni kulia kwako, mashimo mawili yanayotazamana ukiyajumlisha hupata 9: la 4 langu linatazamana na la 5 lako. Mwanzoni kila mmoja ana kete 6 kwenye nyumba, ambayo ni shimo la 5, kete 2 kwenye la 6 na 2 kwenye la 7. Zilizobaki, 22, ziko mkononi, na kila zamu unaingiza moja. Huko ndiko kunamua.

Wachezaji nawaita kwa pande zao. Pangani amekaa kusini na ndiye anayeanza. Mkinga yuko kaskazini.

Hakuna cha kula, maana hakuna kete zinazotazamana. Pangani lazima atakate, yaani atembeze kete bila kula. Anaingiza kete shimo la 6, zinakuwa 3, anazitembeza kushoto: moja nyumbani, ambako sasa kuna 7, moja la 4, moja la 3. Ya mwisho imeangukia shimo tupu, imelala. Angeweza kuzipeleka kulia, la 7, la 8, kisha kona ya safu ya nyuma, zikajificha bila kumgusa mtu. Wapo wanaofungua hivyo kila siku na hawalaumiwi.

Kwenda kushoto kumezua mambo. Kete ya la 4 inatazamana na nyumba ya Mkinga yenye 6. Ya la 3 inatazamana na la 6 la Mkinga lenye 2. Zote mbili ziko uchi, zamu ni ya Mkinga, na sheria hailegei: penye kula, ule. Ana njia mbili, na kila moja inampa kete moja.

Akili ya kawaida inatosha hapa, tena inabaki. Mkinga akila kwa shimo la 6, ile kete ya la 4 imebaki hai. Pangani anaingiza hapo na kuibeba nyumba nzima, kete 6, na mchezo umefika zamu ya tatu tu. Kwa hiyo Mkinga anakula kwa nyumba. Aliyekutisha ndiye unayemwondoa. Hilo hata mgeni wa bao analiona akiwa amesimama nyuma na kikombe mkononi.

Nyumba ya Mkinga sasa ina 7, na vidoleni ana kete moja aliyoila. Sheria inamtaka aanzie kichwani, shimo la mwisho upande wa kushoto au wa kulia, kama anavyopenda. Kushoto patupu, kulia patupu. Itakapoangukia, italala. Wengi huitupa popote huku macho yakiwa tayari kwa mpinzani. Mkinga wetu anaiweka kushoto, shimo la 1. Ikumbuke.

Zamu ya Pangani. Ana sehemu moja tu ya kula: la 3, linalotazamana na kete 2 za shimo la 6 la Mkinga. Anaingiza, anazichukua. Aanzie kichwa gani? Akianzia kushoto, kete zinaingia la 1 na la 2 na kulala, zikitishia kete 2 za shimo la 7 la Mkinga. Njia fupi, unaiona bila kuhesabu. Akianzia kulia, ya kwanza inaingia la 8, ya pili la 7. La 7 lilikuwa na 2, sasa 3, na mbele yake kwa Mkinga ni patupu, kwa hiyo anazokota zote na kuendelea: la 6, nyumbani, la 4. Hapo palikuwa pamebaki patupu baada ya kuliwa, kete inalala. Nyumba yake imefika 8, na ile kete ya la 4 imerudi palepale, ikiitazama nyumba ya Mkinga yenye 7.

Hesabu yenyewe mtoto wa darasa la pili anaiweza. Ugumu uko kwenye kujua kwamba njia ya kulia inastahili kuhesabiwa hadi mwisho, wakati ya kushoto imeshakupa jibu. Akili ya kawaida hutosheka na jibu la kwanza lisilo na kosa. Pangani anakwenda kulia.

Mkinga angeweza kula kwa la 1 pia, lakini nyumba yake ingebebwa; anakula tena kwa nyumba, ambayo inakuwa 8. Tena ana kete moja vidoleni. Anaiweka kushoto, juu ya ile tuliyoambiwa tuikumbuke. Shimo la 1 sasa lina 2. Mbele yake ni shimo la 8 la Pangani, na humo mna kete moja, iliyoachwa na safari ile ya kulia. Anaila! Aliyekula kichwani huanzia kichwa hichohicho, kwa hiyo shimo la 1 linakuwa na 3, mbele pameshakuwa patupu, anazokota na kuendelea: la 2, la 3, la 4. Ya mwisho imelala la 4. La 4 lake linatazamana na la 5 la Pangani, yaani nyumba yenye kete 8.

Mwindaji amekuwa windo, na sababu ni kete moja iliyowekwa zamu mbili kabla, mahali ambapo wakati ule hapakuwa na kitu. Angeiweka kulia, kete hii ya pili isingefika mbele ya nyumba ya Pangani kwa njia yoyote. Rudisha kete ujaribu.

Je, Mkinga alibahatisha? Wa baraza atasema ni akili. Mimi nasema alijua jambo ambalo akili ya kawaida haikupi: kwamba kila anayeanzia kulia lazima adondoshe kete yake ya kwanza shimo la 8, na kwamba Pangani alikuwa na kila sababu ya kuanzia kulia. Anayelijua hilo huiweka kete yake mbele ya shimo la 8 mapema, akangoja. Jambo kama hilo hulipati ukiwa kwenye zamu, mwenzako anakuharakisha na watazamaji wanaguna. Umelipata siku uliyofungwa nalo, au siku uliyokaa nyuma ya mzee ukamwona analifanya, ukarudi nyumbani ukalipanga upya peke yako.

Na hapa lazima nikiri jambo linaloniharibia hoja kidogo. Pangani aliyesoma zaidi angeiona kete ya shimo la 1, angejua safari ya kulia itamlisha Mkinga, na pengine angekwenda kushoto. Yaani palepale ambapo asiyehesabu kabisa angekwenda! Wawili hao ungewakuta wameweka kete shimo moja, na hakuna mtazamaji ambaye angeweza kuwatofautisha. Nadhani ndiyo maana barazani kusoma hakuonekani.

Kwenye sataranji jambo hili limepimwa. Mwaka 1946 Adriaan de Groot wa Uholanzi, mtaalamu wa saikolojia aliyekuwa mchezaji mwenyewe, alichapisha uchunguzi wake wa namna wachezaji wanavyofikiri, akiwataka waseme kwa sauti kila kinachowapitia kichwani. Mabingwa hawakuwa wakitazama mbele mbali zaidi kuliko wachezaji wazuri wa kawaida, au tofauti ilikuwa ndogo. Walichowazidi ni kuona: walitupia macho ubao wakajua pa kuanzia. Mwaka 1973 Wamarekani William Chase na Herbert Simon wakaongeza mtego. Walimwonyesha bingwa ubao kwa sekunde 5, wakaufunika, wakamtaka aupange upya. Ukiwa ubao wa mchezo wa kweli, bingwa aliwaacha mbali wengine. Vipande vilipotawanywa ovyo, ubingwa wake karibu wote ulitoweka, akawa mtu kama watu wengine. Kwa hiyo hakuwa na kichwa kikubwa zaidi. Alikuwa na michezo mingi ndani ya kichwa.

Bao lina ugumu ambao sataranji haina. Ukisogeza farasi, vipande vingine vyote vimebaki palepale, na jicho lina pa kushika. Kwenye bao zamu moja yaweza kugusa mashimo kumi na zaidi, na ukijaribu kutazama zamu tatu mbele, bao unalolitazama si hili tena. Mholanzi mwingine, Alexander de Voogt, alikaa Zanzibar na mafundi wa bao, na mwaka 1995 akachapisha Leiden kitabu kizima kuhusu mipaka ya akili ya bingwa wa bao. Naliheshimu sana swali lake, na lingepaswa kuulizwa na sisi kwanza.

Lakini sataranji ina kitu ambacho bao halina: daftari. Mchezo wa sataranji huandikwa hatua kwa hatua, na mtoto wa leo anaweza kuurudia mchezo wa Lasker wa zaidi ya karne moja nyuma. Ina walimu pia. Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, alianza sataranji bila mwalimu wa shule yoyote ya kifahari. Alifundishwa na Robert Katende kwenye mradi wa watoto wa mtaani kwao, na mwaka 2012, kwenye Olimpiadi ya Istanbul, akapata daraja la kimataifa. Hadithi yake ikaingia kitabuni na kwenye filamu, na watu wakaisimulia kama hadithi ya kipaji kilichookotwa kwenye matope. Kipaji kilikuwepo. Kilichokuwepo pia ni Katende, kila siku, na ubao.

Bao likiisha Ngamiani kete zinarudishwa, kahawa inalipwa, mchezo umekwenda. Kilichobaki kiko vichwani mwa watu watatu wanne, na wakiondoka kimeondoka nao. Wahenga walisema akili nyingi huondoa maarifa, na barazani tumeifanya sera: tunamsifu fundi kwa akili hadi tunasahau kumwuliza anajua nini. Daftari la kurasa mia na kalamu si gharama. Namba za mashimo nilizotumia hapa zinatosha kuuandika mchezo wowote, pamoja na neno kushoto au kulia.

Turudi kwa wawili wetu. Ukitaka kuhakiki, Pangani mbele ana kete 2 shimo la 3, nyumba yenye 8, na moja shimo la 6. Mkinga ana moja moja mashimo ya 2, 3 na 4, nyumba yenye 8, na 2 shimo la 7. Kila mmoja amebakiwa na 20 mkononi, na safu za nyuma bado tupu. Zamu ni ya Pangani. Anaweza kula kwa la 6 au kwa nyumba, na bila shaka atakula kwa nyumba, la sivyo Mkinga ataibeba. Atabaki na kete moja vidoleni, na vichwa vyake vyote viwili ni vitupu. Kabla hajaiweka, tazama shimo la 3 la Mkinga linatazamana na nini, uhesabu Mkinga atalazimika kula wapi, na kete atakayoila aweza kuiweka kichwa gani.