Kejeli Bila Masuto: Kuisoma Brüsel Nikiwa Schaerbeek

Barabara ya Haecht inapopita Schaerbeek, manispaa ya kaskazini mwa Brussels, ina maduka ya mikate ya Waturuki, vinyozi, mabucha ya nyama ya halali, na watoto watokao shule wakichanganya lugha tatu katika sentensi moja. Katikati ya hayo yote, namba 266, imesimama nyumba nyembamba ya mawe ambayo mpita njia anaweza kuipita mara kumi asiione. Ni Maison Autrique, iliyojengwa na Victor Horta mwaka 1893 kwa ajili ya mhandisi Eugène Autrique. Manispaa iliinunua mwaka 1996, na ilipofunguliwa kwa umma mwaka 2004, waliopewa kazi ya kuipanga ndani, kuanzia chumba cha kufulia chini hadi darini, walikuwa mchoraji François Schuiten na mwandishi Benoît Peeters.

Wawili hao ndio waasisi wa Les Cités obscures, yaani miji iliyo kizani, mfululizo wa riwaya za picha ulioanza mwaka 1982 katika jarida la (À suivre). Dunia yao ni pacha wa dunia yetu. Ina miji kama Urbicande, Samaris, Pâhry na Brüsel, na mji ndio mhusika mwenye nguvu kuliko wote, binadamu wakiwa wapangaji tu. Ni fantasia ya mjini kwa maana halisi ya neno: miujiza haitoki msituni wala pangoni, inatoka kwenye mabomba ya maji, ofisi za ujenzi na kuta za sebuleni.

Mhusika ninayetaka kumzungumzia ni Constant Abeels wa albamu ya Brüsel (1992). Si shujaa hata kidogo. Ni muuza maua, mwenye kikohozi kisichomwachia, aliyeona kuwa maua halisi yana kasoro ya kunyauka na kuamua kuuza ya plastiki. Maji ya dukani mwake yanakatwa. Anakwenda kulalamika ofisini, na kuanzia hapo kila mlango unampeleka kwenye mlango mwingine. Wakati yeye akitafuta maji, tajiri Freddy de Vrouw anaubomoa mji mzima ili aujenge upya kwa ajili ya siku zijazo ambazo hakuna aliyeziomba. Msomaji wa Schaerbeek hahitaji kuelezwa. Mto Senne ulianza kufukiwa mwaka 1867, na mpango wa mwaka 1967 ulioitwa Manhattan ulizifyeka nyumba za wakazi wa Mtaa wa Kaskazini, ambao sehemu yake iko ndani ya manispaa hii, ili kupisha minara ya ofisi.

Kejeli ya kitabu hiki haitoki sana kinywani mwa Abeels, inamzunguka. Kila anayemhurumia anamdhuru, na kila hotuba ya maendeleo inatolewa mbele ya kifusi. Nimekisoma mara nyingi, nami hucheka palepale kila mara. Hata hivyo kicheko hicho kina tabia moja iliyonisumbua kwa miaka, na sikuweza kuipa jina mpaka nilipoitafutia neno katika Kiswahili. Lugha yetu ina utajiri mkubwa katika uwanja huu: kejeli, dhihaka, stihizai, kijembe, masuto. Kejeli humcheka kila mtu na haimtaki yeyote ajibu. Kusuta ni jambo jingine. Anayesutwa hutajwa, husimamishwa mbele ya watu, na huambiwa alichokifanya. Kimya chake nacho huhesabiwa kuwa jibu. Mfululizo wa Schuiten na Peeters umejaa kejeli. Masuto sikuyaona.

Jambo hili linadhihirika zaidi katika La Théorie du grain de sable, iliyotoka kwa juzuu mbili mwaka 2007 na 2008, ambamo Abeels anarudi. Safari hii mawe yanajitokeza nyumbani kwake bila sababu, kila moja likiwa na uzito uleule wa gramu 6,793. Katika fleti ya mama mmoja, Kristin Antipova, mchanga unamwagika usiku na mchana. Mpishi mwenye mkahawa anapoteza uzito wake mpaka anaanza kuelea. Na yupo mgeni, Gholam Mortiza Khan, mkuu wa kabila la Wabugti kutoka nchi ya jangwa iitwayo Boulachistan, aliyefika kumwona Elsa Autrique kuhusu kito cha kabila lake kiitwacho Nawaby. Ndiyo, Autrique: nyumba ya Barabara ya Haecht imehamia Brüsel pamoja na jina lake. Mgeni anafariki mjini, kito kinabaki, na polepole inabainika kwamba mchanga hautakoma mpaka Nawaby irudi kwao.

Lazima nisimame kidogo kwenye rangi, kwa sababu hapo Schuiten amefanya jambo ambalo sijaliona kwingine. Kurasa zimechapishwa kwa wino mweusi juu ya msingi wa kijivu kilichofifia, kama karatasi iliyozeeka. Weupe hasa, weupe wa maziwa, umetengewa kitu kimoja tu: mchanga, mawe, na yote yatokanayo na muujiza. Matokeo yake jicho huona dhuluma kabla akili haijajua kuwa ipo dhuluma. Punje chache kwenye zulia zinang'aa kuliko taa. Kadiri kurasa zinavyosonga ndivyo weupe unavyoutawala mji, na wakazi wanaendelea kuchota, kufagia na kupima, wakiwa na hakika kwamba tatizo ni la ufundi. Hakuna hotuba kuhusu ukoloni ambayo ingeweza kusema zaidi ya hapo.

Na hadithi yenyewe iliwahi. Ilitoka miaka kumi na minne kabla Bunge la Ubelgiji halijapitisha, mwaka 2022, sheria ya kurejesha vitu vilivyochukuliwa katika enzi za ukoloni, sheria ambayo hata hivyo iliacha nje mabaki ya miili ya binadamu. Kwa hiyo nisieleweke kuwa nawalaumu waandishi kwa kutoona. Waliona mapema. Ninalouliza ni namna kito kilivyoingia ndani ya nyumba.

Kiliingia kwa mlango wa mbele, mkononi mwa mwenyewe. Gholam ndiye aliyekileta. Hapo ndipo ngano inapotengana na historia, na inapotengana inampunguzia mji mzigo. Sisi wasomaji wa Kiswahili tunayo habari nyingine, iliyotokea upande wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, mahali ambapo lugha hii ilikuwa tayari lugha ya misafara. Desemba 1884 watu wa Émile Storms, afisa wa Kibelgiji aliyekuwa Karema kisha akajenga kituo cha Mpala, walimshambulia Lusinga, mtemi wa Watabwa, wakamuua na kumkata kichwa. Storms alilichukua fuvu hadi Ubelgiji pamoja na sanamu ya mababu ya Lusinga. Sanamu ikaishia katika jumba la makumbusho la Tervuren; fuvu lilihamishwa kutoka huko mwaka 1964 na kupelekwa katika Taasisi ya Sayansi za Asili, Brussels. Bado sijataja jambo linaloniuma zaidi: bunduki za siku ile hazikushikwa na Wazungu peke yao, na amri zake huenda zilitamkwa kwa lugha ninayoandikia.

Nyumba yenyewe ya Horta haina kosa hilo. Autrique alikuwa mhandisi, nami sijui kosa lake. Lakini mtindo ule wa nyuzi na mikunjo ulikua kwa mbao na fedha za Kongo. Edmond van Eetvelde, aliyeiongoza serikali ya Dola Huru ya Kongo akiwa Brussels, alijengewa kasri na Horta huyohuyo. Mwanahistoria Debora Silverman ameufuatilia uhusiano huo kwa kina, na baada ya kumsoma ni vigumu kuutazama ubaridi wa ngazi za Barabara ya Haecht kwa jicho lilelile.

Linganisha sasa na Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed (2001), riwaya ambayo mwandishi wake, mzaliwa wa Pemba, aliitoa akiwa mwalimu Bayreuth. Huko nako mhusika mkuu si shujaa: ni K, mkubwa mwenye cheo na mali, aliyeshiba hadi akasahau alikotoka. Muujiza nao unaingia nyumbani, lakini si kama punje wala jiwe. Unaingia kama babu. Marehemu ana ulimi. Anamjua K kwa jina na kwa ukoo, anamtoa kitandani, anamtembeza na kumwonesha. Kejeli ya riwaya hii ni kali kuliko ya Peeters, tena chungu, kwa kuwa msemaji wake ana haki ya kusema. K anasutwa. Ndiyo maana riwaya haichekeshi kwa starehe, na baadhi ya wasomaji wameiona nzito. Mimi mwenyewe, nikitaka kupumzika, huchukua Brüsel.

Mtu anaweza kunijibu kwamba ukimya wa Gholam ni heshima: waandishi wa Kibelgiji hawakutaka kumsemea. Hoja hiyo ina uzito. Lakini katika dunia ambamo kila mtu anaruhusiwa kuchekesha, Abeels kwa kikohozi chake, mpishi kwa kuelea kwake, mgeni peke yake ndiye aliyepewa hadhi badala ya ulimi. Hachekwi, wala hacheki. Tunamjua kwa mavazi na kimo chake. Akishakufa, mawe ya gramu 6,793 ndiyo yanayobaki kumsemea, na wakazi wanayapima kwenye mizani.

Rafiki aliniuliza kama ningeweza kuitafsiri albamu hii kwa Kiswahili. Abeels asingenipa taabu. Makarani wake nawajua, nimewasikia kwenye madirisha ya ofisi za miji yetu. Taabu ingekuwa kurasa chache za Gholam. Nimpe Kiswahili gani? Cha Mpala, walichozungumza waliomzunguka Storms, au cha Pemba, ambacho babu yake K angekitambua? Nimejaribu ukurasa mmoja, sebuleni kwangu, umbali wa vituo vinne vya tramu kutoka namba 266, na kila nilipomfungua kinywa alianza kusuta.