Chuma na Pepe katika Daftari Moja

Katika soko la Daraja Mbili, mjini Kisii, ambako ndizi, mboga na mitumba huuzwa na kununuliwa tangu alfajiri, malipo mengi siku hizi hupitia simuni, na kila malipo ya namna hiyo, hata yakiwa ya fungu moja la chinsaga, hayatimii mpaka seva fulani, iliyo mbali na macho ya muuzaji na mnunuzi, iwe imeipokea amri, imeipima na kuiandika. Seva za M-Pesa, huduma iliyoanza mwezi wa Machi 2007, zilikuwa Ujerumani hata mwaka 2015 zilipohamishiwa Kenya. Kuhama huko kulisifiwa kwa haki. Lakini seva ikiisha kuwa nchini, huzuka swali zito kuliko la mahali ilipo, nalo ni nani aitawalaye, na kwa taratibu gani.

Seva moja ya chuma yaweza kugawanywa kwa programu ikawa mashine nyingi, kila moja ikijiona kuwa ni kamili, yenye kumbukumbu na diski yake. Hizo ndizo mashine pepe. Fikra hii si ngeni: kampuni ya IBM ilitangaza mfumo wake wa VM/370 mwaka 1972, na baada ya kulala muda mrefu ikaamshwa na VMware, iliyoasisiwa 1998, na Xen iliyotoka Chuo Kikuu cha Cambridge 2003, na KVM iliyoingizwa ndani ya Linux mwaka 2007. Hata hivyo, si kila kazi ikubaliyo kuhamia katika pepe. Hazina kubwa ya data isiyovumilia kucheleweshwa, hesabu za kisayansi zinazotaka nguvu yote ya mtambo, na, zaidi ya yote, zile seva zenyewe zinazozibeba mashine pepe, hazina budi kuwa chuma kitupu.

Kwa hiyo chuo, hospitali au ofisi ya kaunti yenye seva zake aghalabu hujikuta na tawala mbili chini ya paa moja. Mashine pepe huombwa na kupatikana kwa dakika chache. Ya chuma hungoja fundi, bisibisi, waya, na kumbukumbu ya mtumishi mmoja ajuaye nywila iliyoandikwa mahali fulani. Mtumishi huyo akiajiriwa kwingine, maarifa huondoka naye, na daftari la mashine pepe na daftari la chuma, ambayo tangu hapo hayakuwa yakipatana, hubaki bila msuluhishi.

Jaribio la kuziunganisha tawala hizi ambalo lafaa kuchunguzwa kwa makini ni la OpenStack, mfumo ulioanzishwa Julai 2010 na shirika la NASA pamoja na kampuni ya Rackspace, ambao kila mtu aruhusiwa kuutumia na kuutazama ndani. Sehemu yake iitwayo Nova ilikuwa imekwisha kuzoea kupokea maombi ya mashine pepe na kuyatafutia mahali. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California na kampuni ya NTT DOCOMO ya Japani wakaona kwamba, ikiwa njia ya kuombea ipo, yafaa chuma nacho kipitie mlango huo huo. Na kazi yao ikaingia katika toleo la Aprili 2013, lililoitwa Grizzly.

Hapo ndipo hitilafu ilipojidhihirisha. Nova ilikuwa imejengwa juu ya dhana kwamba mali yote yagawanyika: seva yenye kumbukumbu nyingi huwapa wapangaji kumi sehemu kumi, na hesabu ya kinachobaki hupunguzwa kila mara. Mfanyabiashara wa Daraja Mbili apimaye mahindi kwa gorogoro aweza kuhesabu hivyo, ila robota la mitumba lililofungwa halipimwi kwa gorogoro. Huchukuliwa zima, au huachwa zima. Seva ya chuma ni robota. Ukimwambia mratibu wa Nova kwamba mpangaji ametumia nusu ya kumbukumbu yake, ataamini nusu nyingine ingali tupu, naye atamleta mpangaji wa pili mahali pasipokuwa na nafasi. Waandishi wa programu walizuia kosa hilo kwa viraka, wakitaka ombi lilingane sawasawa na ukubwa wa mashine, lakini viraka havikuibadilisha dhana iliyokuwa chini yake.

Mwezi huo huo wa Aprili 2013, katika mkutano wa OpenStack mjini Portland, waandishi hao wakakata shauri ambalo kwa maoni yangu ndilo lililookoa jambo zima: chuma kitolewe katika Nova kipewe mradi wake, ukaitwa Ironic, wenye daftari lake na mafundi wake, na Nova ibaki na mjumbe tu wa kupeleka maombi. Mwomba umoja ataona ajabu kwamba umoja ulipatikana kwa kutenganisha, lakini hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mlango wa mbele ukabaki mmoja, na nyuma yake kila kitu kikatunzwa kwa kadiri ya tabia yake. Ironic ilihesabiwa kuwa sehemu kamili ya OpenStack katika toleo la Aprili 2015, na mwaka 2017 hesabu nayo ikanyoshwa: kila seva ya chuma ikapewa jina la jinsi yake, ikahesabiwa kuwa moja isiyogawanyika.

Kazi yenyewe huenda hivi. Ndani ya kila seva ya maana mna tarakilishi ndogo, yenye umeme na waya wa mtandao wake, iliyo macho hata seva kubwa ikiwa imezimwa. Ironic huiamuru tarakilishi hiyo iiwashe seva, nayo seva, badala ya kusoma diski yake, huuliza mtandaoni kwa utaratibu wa PXE iamke na nini. Huletewa mfumo mdogo wa muda, ambao hukagua vifaa, huandika katika diski mfumo uliotakiwa, kisha huondoka. Msimamizi aliye Nairobi aweza kwa njia hiyo kuiinua seva iliyoanguka Kisii bila kusafiri takriban kilomita 300, maadamu umeme na mtandao vipo.

Nguvu hiyo ina hatari yake, wala sipendi ipitwe upesi. Mwaka 2013 ilibainishwa kwamba utaratibu wa IPMI, ambao kwao tarakilishi hizo ndogo zilikuwa zikiamriwa, humpa yeyote aulizaye alama iliyotokana na nywila kabla hajathibitisha yeye ni nani, naye aweza kwenda nayo kando akaikisia nywila kwa utulivu. Utaratibu wa Redfish, uliotolewa 2015, ni bora zaidi. Lakini mashine kuukuu zingali nyingi, na kinga yake ni kuzitenga katika mtandao wao peke yao, usiofikiwa na wapangaji wala na intaneti.

Jambo la pili ni usafi. Mashine pepe ikivunjwa, mpangaji wake alikuwa hajakigusa chuma chenyewe. Mpangaji wa chuma kitupu amekishika chote, pamoja na programu zilizokaa ndani ya vifaa. Mnamo Februari 2019 kampuni ya Eclypsium ilionyesha kwamba badiliko lililofanywa na mpangaji katika tarakilishi ndogo ya seva ya IBM lilibaki pale baada ya seva kurudishwa, likimngojea mpangaji ajaye. Ironic ina hatua ya kusafisha kila seva irudipo, lakini kufuta diski kubwa ya kuzunguka kwaweza kuchukua saa nyingi, na wengi hufuta orodha ya yaliyomo tu ili mashine ipatikane mapema. Kwa seva iliyobeba habari za wagonjwa sikubali kabisa njia hiyo, wala Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 haimpi mwenye dhamana udhuru wa haraka. Diski za kisasa zenye kujisimba zaweza kuusahau ufunguo wao kwa nukta chache, na fedha zilizotumiwa kuzinunua ni fedha zilizowekwa mahali pake.

Tofauti nyingine hazitaondoka. Mashine pepe yaweza kuhamishwa kutoka seva hii hadi ile ingali ikitenda kazi. Ya chuma haihamishiki ila kwa kubebwa. CERN, kituo cha utafiti cha Ulaya kilichoko Uswisi, kinachotumia OpenStack tangu 2013, kimeweka maelfu ya seva za chuma chini ya Ironic, na kililazimika kuzigawa katika makundi, kila kundi na programu yake ya kulisimamia, kwa kuwa programu moja ilichelewa mno kuzikagua zote.

Kisii haihitaji maelfu. Vyuo vikuu vya Kenya vina KENET, mtandao wa elimu ulioanzishwa 1999, ambao huwapa wanachama wake mashine pepe na mahali pa kuweka seva zao, na ofisi ndogo yenye seva chache za chuma yaweza kuitumia Ironic peke yake bila OpenStack nzima. Mahali pa kuanzia ni kuandika kila chuma kilichopo, namba yake, tarakilishi yake ndogo na mwenye dhamana nayo, kisha kuutenga mtandao wa amri, ndipo programu iletwe.