Tujisahihishe, na Mizani ya Kahawa ya Moshi

Sisi watu wa pwani kahawa twaijua kwa kikombe chake. Hupita barazani jioni, chungu na moto, na mazungumzo ya siasa hunoga kwayo. Wenzetu wa Moshi na miteremko ya Kilimanjaro waijua kwa mti wake: kuupalilia kihambani chini ya migomba, kuchuma tunda jekundu, kulimenya, kuliosha, kulianika, kisha kuubeba mzigo mpaka kwenye mizani ya chama. Katika makala haya twataka kuyapima maneno ya siasa kwa mizani hiyo. Siasa ni fikra na ni tendo, na fikra isiyopimwa kwa tendo ni kama gunia lisilopimwa: kila mtu aweza kuusifu uzito wake.

Maneno tutakayoyapima ni kijitabu kiitwacho Tujisahihishe, alichokiandika Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1962. Wakati huo alikuwa amejiuzulu uwaziri mkuu, na Tanganyika ilikuwa na miezi michache tu tangu kupata uhuru Desemba 1961. Ni kijitabu kifupi, chenye Kiswahili safi kinachoeleweka na mkulima na mwalimu wa shule. Ndani yake Mwalimu hakuwashambulia wakoloni. Aliwageukia watu wa chama chake mwenyewe, akawaonyesha makosa yao: kuchukia kukosolewa, kujipendelea, kuacha kujielimisha. Akasema kuwa ukweli haumbagui mkubwa na mdogo, na kwamba asiyetaka kusikia kosa lake hujiumiza mwenyewe.

Ni maneno mazuri, na lazima tuyape haki yake. Ni nadra mtu aliyeshinda kuandika juu ya kasoro za washindi wenzake. Na kwetu sisi Waislamu si mageni, kwani Sayyidna Abubakar alipoushika ukhalifa aliwaambia watu hadharani wamsaidie akitenda vema, na wamnyoshe akipotoka.

Ama tukitazama tendo, twende Moshi. Mwaka 1925 wakulima wa Kichaga waliunda chama chao cha kwanza cha kahawa, na Joseph Merinyo akawa miongoni mwa viongozi wake. Mwaka 1933 mahali pake pakashikwa na KNCU, muungano wa vyama vya msingi vilivyoenea mlimani. Mkulima alipeleka kahawa yake kwenye chama cha karibu, ikapimwa, akapata malipo ya kwanza, akangoja mengine baada ya mauzo. Kama hakuridhika na mizani, au na karani, au na bei, kulikuwa na mkutano wa wanachama wa kuuliza, na kulikuwa na kura ya kumwondoa kiongozi.

Wala tusiifanye KNCU kuwa ya malaika. Mwaka 1937, bei ilipokuwa mbaya na wakulima wakilazimishwa kuuza kahawa yao kupitia chama tu, hasira iliwapanda hata baadhi yao wakayashambulia maghala ya vyama vyao wenyewe. Hapo pana funzo la kwanza. Chama ni cha watu kwa jina, lakini kikikataa kuwasikia watu hugeuka bwana mwingine.

Funzo la pili ni zito zaidi. Mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika Tanzania Bara, na KNCU ikiwamo. Sababu zilizotolewa hazikuwa za uongo zote. Ulikuwapo wizi, yalikuwapo madeni, na palikuwa na matajiri walioushika ushirika kwa manufaa yao. Ikasemwa kuwa kijiji chenyewe sasa ndicho kitakuwa chama cha ushirika, na zao likawa mikononi mwa mamlaka ya serikali. Lakini uamuzi huo ulikuja kwa amri, si kwa kura ya wenye chama. Walioijenga nyumba hawakuulizwa kama ibomolewe.

Sasa msomaji na ajiulize: kijitabu cha mwaka 1962 kilikuwa wapi mwaka 1976? Mbona aliyefundisha kusahihishana hakusahihishwa? Jawabu letu ni hili, na ndiyo kasoro tunayoiona katika Tujisahihishe. Kijitabu kinaifanya sahihisho kuwa tabia njema ya kiongozi. Hakikuifanya kuwa haki ya raia. Kinamwomba mkubwa afungue masikio, lakini hakimpi mdogo mlango wa kubisha ambao mkubwa hawezi kuufunga. Tangu mwaka 1965 chama kilikuwa kimoja tu Bara kwa sheria. Serikali za mitaa zikavunjwa mwaka 1972. Ushirika ukafuata. Milango ikafungwa mmoja mmoja, na nia njema ikabaki peke yake chumbani.

Mkulima alifanya nini? Hakuandamana. Alinyamaza, na malipo yalipochelewa na bei kuwa duni, baadhi yao wakauacha mbuni uzeeke, wakaipa nguvu migomba na mahindi. Huko pia ni kusema, lakini ni kusema kunakoligharimu taifa zima.

Maradhi haya si ya kwetu peke yetu. Mwaka 1978, katika nchi iliyoitwa Czechoslovakia, mwandishi Václav Havel aliandika makala juu ya nguvu ya wasio na nguvu. Alitoa mfano wa muuza mboga anayebandika dirishani bango la kuusifu umoja wa wafanyakazi wa dunia. Halisadiki, wala wapita njia hawalisomi. Analibandika ili aachwe kwa amani. Havel alisema utawala wa namna ile husimama juu ya uongo mdogo wa kila mtu, na siku mmoja anapokataa, ufa huingia. Utawala huo ulianguka Novemba 1989, na Desemba yake Havel akawa rais.

Lakini hata huko, kuishi katika kweli hakukutosha bila mlango. Nchi ya Czech leo ina rais, Petr Pavel, na waziri mkuu, Andrej Babiš, tajiri mkubwa mwenye makampuni. Babiš aliposhinda uchaguzi wa Oktoba 2025, rais alimtaka kwanza aeleze hadharani atajitenga vipi na mali yake. Alieleza, kisha Desemba akateuliwa. Kama atatimiza, watu wake watamwangalia. Jambo la kutazama ni kwamba mkubwa aliulizwa na hakuweza kupita bila kujibu. Hakungojewa awe mwema.

Tumtendee Mwalimu uadilifu. Sheria ya kurudisha ushirika ilipitishwa mwaka 1982, na KNCU ikarudi mwaka 1984. Mwaka huohuo, akihojiwa na jarida la nje, Mwalimu alisema waziwazi kuwa kama angeanza upya asingevunja serikali za mitaa wala vyama vya ushirika. Huko ni kujisahihisha kweli, na viongozi wangapi wamefika hapo? Ila mafundisho ya dini yetu yanatujulisha kuwa toba ya kosa baina ya mtu na Mola wake ina njia yake, na kosa lililogusa haki ya mja halimaliziki mpaka haki irudishwe. Miaka minane ya wakulima hairudishwi kwa mahojiano. Na chama kilichorudi kwa amri ya serikali, kama kilivyoondoka kwa amri, hakikuwa tena kile ambacho watu walijiona ni chao.

Ndugu wasomaji, jambo hili si la wenye mibuni tu. Linawahusu wenye karafuu Pemba na wenye korosho Mtwara, linahusu kamati za misikiti na madrasa zetu, tena linaingia hata majumbani. Shura si kuulizana pale mkubwa anapopenda. Ni mdogo kuwa na mahali pa kusema, na siku ya kusema, na amani baada ya kusema. Basi kisomeni Tujisahihishe, na wasomesheni vijana wenu, kwani kinastahili. Kisha waulizeni swali ambalo hakikujibu: kiongozi akikataa kujisahihisha, sisi tumebakiwa na nini mkononi?

Mwenyezi Mungu atujaalie viongozi wanaosikia, na atujaalie sisi ujasiri wa kusema kwa adabu.