Nicoll Highway: Kiungo Kilichoangusha Ukuta

Alasiri ya tarehe 20 Aprili 2004, shimo la reli ya chini ya ardhi liliporomoka huko Singapore likiwa na kina cha takriban mita 30. Watu 4 walikufa, na kipande cha barabara ya Nicoll Highway kikadidimia pamoja nalo.

Shimo lilikingwa kwa kuta mbili za zege. Kati yake ilikingamishwa mihimili ya chuma, safu juu ya safu, kila ncha ikiegemea boriti ndefu iliyolazwa kwenye ukuta. Safu ya 9 ilishafungwa. Wachimbaji walikuwa wakishuka ili ifungwe ya 10.

Kosa la kwanza lilifanyika kwenye usanifu. Ardhi ya pale ni udongo wa mfinyanzi, laini, wa bahari. Ukichimbwa haraka, maji yaliyomo hayapati muda wa kutoka, na nguvu ya udongo hubaki ndogo. Programu ya kompyuta ilipewa vipimo vilivyoufanya uonekane mgumu kuliko ulivyo, ukuta ukasanifiwa dhaifu.

La pili ndilo ninaloliona zito zaidi, nalo liko pale mhimili unapokutana na boriti. Vibamba vya kuiimarisha boriti viliondolewa katika usanifu, vikawekwa vyuma vya umbo la C. Chuma hicho kikizidiwa hakipindi polepole. Hupoteza nguvu ghafla. Tena hesabu ya kiungo ilikosewa, kiasi kwamba baadhi ya viungo vilimudu takriban nusu tu ya mzigo uliokusudiwa. Viungo vya safu ya 9 vilipoachia, mzigo ulirukia safu ya 8, nayo haikuuweza.

Na onyo lilikuwepo. Ukuta ulikuwa umesogea kupita kikomo. Wahandisi wakapiga hesabu upya na kupandisha kikomo chenyewe. (Ni kama kumshusha homa mgonjwa kwa kubadilisha kipimajoto.) Asubuhi ya siku ile vilisikika vishindo, boriti zikaonekana zimepinda, wakaanza kuzijaza zege ili kuzitia nguvu.

Kamati ya uchunguzi ilitaka kazi za muda, yaani mihimili na kuta za kukingia shimo, zisanifiwe na kukaguliwa kwa ukali uleule wa jengo la kudumu, na mhimili mmoja ukishindwa, iliyobaki iweze kubeba mzigo wake.